Ana miaka 3 na miezi 8, anakojoa kwenye poti bila shida, lakini haja kubwa anadai avalishwe nepi

Mama Kifungua Mimba aliuliza:

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za malezi. Naomba mnivumilie kwa urefu wa maelezo, kwa sababu kila ninayemweleza jambo hili kwa kifupi hunijibu kabla hajalielewa.

Mwanangu wa kiume ametimiza miaka 3 na miezi 8. Anaongea vizuri, anavua na kuvaa kaptura yake mwenyewe, na kwa miezi 4 sasa haja ndogo anaimudu: anakwenda kwenye poti bila kukumbushwa, anakojoa, kisha anaibeba poti kwa uangalifu kwenda kuimwaga chooni huku akinitaka nisimame mlangoni nitazame. Mchana kutwa anashinda na chupi kavu. Haja kubwa ndiyo iliyotushinda. Akibanwa hasemi kwamba anataka choo, bali anasema, "Mama, nivalishe nepi," na nikishamvalisha hataki mtu amfuate. Huenda kusimama nyuma ya pazia la sebuleni, ameshika ukingo wa kochi kwa mikono miwili, visigino viko juu, uso umemwiva, na akimaliza hutoka na kuniambia nimbadilishe.

Wiki 3 zilizopita niliamua kuzificha nepi zote nikamwambia zimekwisha. Siku ya kwanza hakupata choo. Siku ya pili alianza kutembea amebana mapaja, akakataa kula, na mara kwa mara alikuwa akisimama ghafla katikati ya mchezo na kukaza mwili wote mpaka hali ile impite. Siku ya nne alipata choo kikubwa na kigumu, akalia kiasi kwamba na mimi nililia naye, na nilipompangusa niliona mchirizi mwembamba wa damu. Jioni ile nilizitoa nepi nilikozificha. Tangu hapo anakaa siku 3 au 4 bila kupata choo hata akiwa na nepi, na mara mbili tatu kwa siku ninakuta madoa ya kinyesi laini kwenye chupi yake, naye anasema hajui yametoka wapi.

Nilianza kumfundisha alipokuwa na miaka 2 na miezi 3, nikasimama miezi michache baadaye mdogo wake alipozaliwa, kwa sababu sikuwa na nguvu za kushughulika na wote wawili. Sasa baadhi ya ndugu wananiambia kwamba ninamdekeza na kwamba dawa yake ni kumwacha ajichafue mpaka aone aibu, na wengine wanasema niache tu, hakuna mtu mzima anayevaa nepi. Baada ya miezi 2 anatakiwa kuanza chekechea, na walimu wamenieleza wazi kwamba hawapokei mtoto anayevaa nepi. Usiku bado ninamvalisha, lakini zinamkaza mapajani, zinavuja, na ana upele usiokwisha.

Je, nilikosea kumrudishia nepi? Madoa haya ni ukaidi au ni ugonjwa? Nianzie wapi?

Mama wa Watatu alijibu:

Pole sana mdogo wangu. Mtoto wangu wa pili alipitia hali hii hii, tofauti ni kwamba yeye alikuwa akijificha chini ya meza, kwa hiyo nitakueleza tulivyofanya na mahali nilipoharibu.

Kumrudishia nepi hukukosea hata kidogo. Mtoto anayekojoa vizuri kwenye poti na kukataa kuitumia kwa haja kubwa hajashindwa kuelewa, maana anajua fika kwamba amebanwa, anajua nepi ziko wapi, na anakuita kwa wakati. Anachokiogopa ni lile tendo lenyewe la kuachia kitu kitoke mwilini akiwa amekaa, hali miezi yote ya uhai wake amekuwa akikitoa amesimama, amefunikwa, na kimekumbatiwa na nepi. Ukimnyang'anya nepi hofu haiondoki, inahamia kwenye tumbo.

Kwangu mimi tuliirudisha nepi tukamwambia kwamba ni yake mpaka atakapoona haihitaji tena, ila tulihamisha mahali. Mwanzoni alikuwa huru kusimama anavyotaka, mradi awe ndani ya choo na si chini ya meza. Hilo peke yake lilichukua siku 9, na nilijizuia nisiharakishe. Kisha tukamwomba akae kwenye poti hali amevaa nepi, akakataa kwa siku kadhaa, halafu siku moja akakaa. Alipozoea kujisaidia akiwa amekaa, nilianza kuilegeza nepi kiunoni, kila siku kidogo. Hatua ya mwisho nilikata tundu kwenye nepi kwa mkasi mbele ya macho yake, nikamwonyesha, akaingiza kidole akacheka, akavaa. Kinyesi kilipodondoka ndani ya poti aliruka kwa mshtuko wa sauti yake, akageuka kukiangalia kwa muda mrefu. Nepi ile yenye tundu aliivaa kwa karibu wiki 2 zaidi, kama mtu anayeshika ukuta hali anajua kutembea, kisha akaiacha mwenyewe.

Nilipoharibu ni kwenye kushangilia. Mara ya kwanza alipokaa na nepi nilipiga vigelegele, nikawaita watu wote wa nyumbani, nikampigia simu bibi yake. Kesho yake hakutaka hata kuingia chooni. Baadhi ya watoto wakiona jambo hili limekuwa tukio la ukoo mzima huona pia kwamba wakishindwa wataaibika mbele ya wote. Tangu siku ile nilikuwa nasema tu, "Umemaliza? Haya, tunawe mikono," na mambo yakaenda.

Hata hivyo hizi hatua usizianze leo. Madoa unayoyaeleza mwanangu hakuwa nayo, na damu ile pia inanitia wasiwasi, kwa hiyo naomba wanaojua wakujibu kwanza.

Muuguzi wa Watoto alijibu:

Mama, madoa hayo ndiyo yaliyonifanya niandike, kwa sababu ndiyo yanayowaponza watoto wengi kwa kuchapwa bila kosa.

Mtoto anapozuia choo, kinyesi hubaki katika sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, na kwa kuwa utumbo huo hufyonza maji, kila siku inayopita kinyesi huwa kikavu na kikubwa zaidi. Kikitoka huuma, na pengine huchana ngozi ya njia ya haja kubwa, ambayo ndiyo sababu ya kawaida ya mchirizi wa damu kama ule ulioona. Mtoto wa umri huu hawezi kupiga hesabu kwamba akizuia leo kesho itakuwa vibaya zaidi. Anayakumbuka maumivu, basi anazuia tena. Kule kubana mapaja, kusimama kwa vidole na kukaza mwili si kusukuma, ingawa wazazi wengi hudhani mtoto anajitahidi. Mara nyingi ni kujizuia.

Sehemu ile ya utumbo ikikaa imejaa kwa muda hutanuka, na ikitanuka hupunguza uwezo wake wa kumwarifu mtoto kwamba amebanwa. Ndipo kinyesi laini kutoka juu hupenya pembeni mwa kile kigumu na kuvuja kwenye chupi. Mwanao anaposema hajui yametoka wapi anasema kweli, kwa sababu hakuhisi. Kumwaibisha kwa jambo ambalo mwili wake haukumwambia ni kumuonea, na nasema hivi kwa uzito wote, kwa kuwa nimewaona watoto wa miaka 6 na 7 wanaoficha chupi chafu chini ya godoro kwa sababu walichekwa walipokuwa na umri wa mwanao. Tena utumbo uliojaa hukandamiza kibofu, kwa hiyo usishangae akianza kujikojolea mchana hali alikuwa amekwisha kuweza.

Kwa hiyo kabla ya poti, kabla ya nepi yenye tundu, mpeleke kwa daktari umwambie yote matatu: siku anazokaa bila choo, damu, na madoa. Akithibitisha kwamba ni kufunga choo, kwa kawaida ataandika dawa ya kulainisha, mara nyingi makrogoli au laktulosi, ambazo hufanya kazi kwa kushikilia maji ndani ya kinyesi. Wazazi wengi huogopa kwamba utumbo utazoea dawa na kuwa mvivu, lakini dawa za aina hii hazileti utegemezi huo. Kosa kubwa zaidi ninaloliona ni kuiacha mapema: choo kinalainika wiki ya kwanza, mzazi anaisitisha, na baada ya mwezi mambo yanarudi yalikokuwa. Utumbo uliotanuka huhitaji muda kurudi katika hali yake, nao mara nyingi ni miezi. Ikiwa ataanza kwa dozi kubwa ya kusafisha kilichokwama, siku za mwanzo madoa yanaweza hata kuongezeka, na hiyo isikutishe. Usimpe dawa za kuingiza kwa nyuma kwa uamuzi wako mwenyewe, kwa maana kwa mtoto ambaye tayari anaogopa sehemu hiyo zitaongeza hofu.

Choo kikishakuwa laini, basi ratiba. Tumbo linapopokea chakula huuamsha utumbo mpana, kwa hiyo wakati mzuri wa kukaa ni muda mfupi baada ya kula, dakika 5 tu, mara 2 au 3 kwa siku, awe amepata choo au hakupata. Nyayo zake lazima zikanyage kitu. Akikaa kwenye choo cha watu wazima miguu ikining'inia hawezi kusukuma vizuri, kwa hiyo mwekee kigoda ili magoti yawe juu kidogo ya nyonga, ainamie mbele, viwiko juu ya mapaja. Mpe kitu cha kupuliza, kama mapovu ya sabuni au filimbi, kwa sababu mtoto anayepuliza husukuma kwa tumbo bila kufundishwa. Maji ya kutosha na vyakula vyenye nyuzinyuzi vinasaidia, na kama anakunywa maziwa mengi kuliko anavyokula, yapunguze. Lakini kwa hali aliyofikia, chakula peke yake hakitoshi.

Kuhusu umri, ondoa lawama. Daktari wa watoto wa Marekani, T. Berry Brazelton, alichapisha mwaka 1962 taarifa za watoto 1,170 ambao wazazi wao walishauriwa kusubiri dalili za utayari za mtoto mwenyewe, na wastani wa kuimudu haja mchana ulikuwa miezi 28.5. Huo ni wastani, maana yake wengi walikuwa nyuma yake. Wavulana kwa kawaida huchelewa kidogo kuliko wasichana, na mtoto aliyepata mdogo katikati ya mafunzo kurudi nyuma ni jambo la kawaida kabisa. Kusimama kwako wakati ule kulikuwa uamuzi wa busara.

Usisubiri, muone daktari haraka, ikiwa tumbo limevimba na anatapika, ana homa na mkojo unamuuma, mkojo unadondoka muda wote bila kukatika, miguu imelegea au mwendo wake umebadilika, au ana kiu isiyo ya kawaida huku akipungua uzito.

Baba Mapacha alijibu:

Dada, wenzangu wamemaliza la mchana, mimi niseme la usiku na la upele.

Usiku usiuhesabu kuwa sehemu ya mafunzo. Kukauka usiku hutegemea homoni inayopunguza utengenezaji wa mkojo mtu anapolala, na ubongo kuweza kumwamsha mtoto kibofu kinapojaa, na hayo mawili huja kwa wakati wake. Wanangu wamelelewa nyumba moja, ratiba moja. Mmoja aliamka mkavu akiwa na miaka 3, mwingine alichukua miaka 3 zaidi, na hakuna nilichomfanyia huyu ambacho sikumfanyia yule. Madaktari huwa hawahesabu kukojoa kitandani kuwa tatizo kabla ya miaka 5. Mvalishe nepi ya usiku kwa amani.

Nepi inayokaza mapajani na kuvuja ni ndogo. Tazama uzito ulioandikwa kwenye pakiti na si umri, na akiwa karibu na kikomo cha juu, panda saizi inayofuata. Kwa mvulana hakikisha uume umeelekea chini kabla ya kufunga, la sivyo mkojo hupanda tumboni na kutokea kiunoni hata nepi ikiwa bado kavu nyuma. Pitisha kidole kuzunguka mapaja ili zile kingo zenye mpira zitokeze nje, zisikunjike ndani.

Upele nao nadhani umesababishwa na madoa hayo kuliko mkojo, kwa sababu kinyesi kidogo kinachokaa kwenye ngozi huunguza. Msafishe kwa maji ya vuguvugu kila unapoona doa, mkaushe kwa kugusagusa bila kusugua, mwache bila nguo kidogo, kisha mpake krimu ya zinki kwa unene wa kuonekana. Ukiona wekundu mkali kwenye mikunjo wenye vipele vidogo vya pembeni, na siku 3 zimepita bila nafuu, huenda ni fangasi, na hapo krimu ya zinki haitoshi.

Jambo la mwisho, mbadilishe akiwa amesimama, tena chooni. Mtoto mkubwa akilazwa chali kama kichanga hujiona kichanga. Mwanangu alikuwa akisimama ameshika sinki, mimi nafungua nepi, kinyesi tunakidondosha chooni pamoja, yeye anavuta maji. Hata kama kilitoka ndani ya nepi, alikuwa anaona mwisho wa safari yake ni wapi.

Mama Kifungua Mimba alijibu:

Nawashukuru mno, nimesoma kila neno mara mbili. Daktari tumepangiwa keshokutwa. Yamebaki mawili yanayonisumbua. La kwanza, nilimdanganya kwamba nepi zimekwisha, naye alikuja kuziona kabatini, akaniuliza, "Mama, kumbe zipo?" Nikakosa jibu. La pili ni chekechea.

Mama wa Watatu alijibu:

Mweleze kweli, kwa maneno machache: "Nilizificha, na sikufanya vizuri. Sitazificha tena." Usiongeze maelezo. Mtoto anayeogopa kuachia choo anahitaji kujua kwamba ukisema jambo la chooni ndivyo lilivyo, kwa sababu baadaye utamwambia kwamba haitauma, na utataka akuamini.

Kuhusu chekechea, waeleze walimu kwamba mchana havai nepi, kwa sababu ndivyo ilivyo: anakojoa mwenyewe na anavaa chupi. Haja kubwa, choo kikishalainika na akizoea kukaa baada ya kifungua kinywa, wengi huimaliza nyumbani. Mfungashie chupi 2 na kaptura ya akiba, na mwombe daktari barua fupi inayosema yuko kwenye matibabu ya kufunga choo, kwa sababu walimu wengi huuona ugonjwa kwa jicho tofauti na tabia.

Muuguzi wa Watoto alijibu:

Naongeza kwamba umwombe mwalimu amruhusu kwenda chooni wakati wowote anaponyoosha mkono. Watoto wanaojizuia darasani hufunga choo upya hata baada ya kupona.

Mama Kifungua Mimba alijibu:

Naleta mrejesho, imepita wiki 5. Daktari alimpapasa tumbo akanishikisha mkono upande wa chini kushoto, nikahisi kitu kigumu chini ya vidole vyangu. Alikuwa amejaa kweli. Amepewa makrogoli, na siku 3 za mwanzo zilikuwa za kufua tu, lakini tangu wiki ya pili sijaona doa hata moja na upele umekauka.

Nilimwambia kuhusu zile nepi kama ulivyonielekeza, dada. Alinitazama, akasema, "Sawa," akaendelea kuchezea gari lake. Pazia ameliacha. Sasa anajisaidia chooni amekaa kwenye poti na nepi yake, nyayo juu ya kigoda, anapuliza mapovu mpaka sakafu inateleza. Jana nilimuuliza kama yuko tayari tukate tundu. Aliifikiria, kisha akasema tukate dogo.